Mnara kwa Farasi

Nashipae mwanangu,

Umeenda kusukwa kwa yule rafiki yako wa karibu na stendi, na kwa jinsi ninavyozijua nywele zako, hutarudi kabla ya chakula cha jioni. Mama yako yuko jikoni anakukaangia nyama ya safari. Habari za blanketi, za kuchemsha maji na za kupiga simu kila Jumapili ameshakumalizia, na mimi sina la kuongeza. Ukisahau blanketi, baridi ya Eldoret itakukumbusha. Mimi nimekaa hapa mezani kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema tangu siku ile ya Kajiado, na unaijua siku ninayoisema.

Unadhani nina hasira nawe. Najua unadhani hivyo, kwa sababu tangu siku ile ukiingia sebuleni ukanikuta, unaufunga ubao wako wa chesi na kujifanya unatafuta chaja. Sijakuuliza. Ningekuuliza ungesema, "Hakuna kitu, Papa," nami ningesema, "Sawa," na tungebaki pale pale. Kesho asubuhi unapanda basi, na sitaki uende umebeba hasira ambayo mimi sina.

Kuna mambo niliyoyaona siku ile ambayo wewe hukuyaona, maana ulikuwa umeinamia ubao. Acha nikusimulie kutoka kwenye kiti changu, na baadaye kutoka nje, kwa sababu unajua pia nilivyoishia nje.

Tulifika Kajiado vumbi likiwa bado limelala. Chuo kilikuwa kimetoa nafasi moja tu ya masomo kwa kijana atakayewatangulia vijana wenzake katika mashindano yale, na wewe ulikuwa umebakiza mchezo mmoja. Hilo nililijua vizuri, mama yako alikuwa amelisemea kwenye maombi wiki nzima. Nilichokuwa sijui ni nani utakayecheza naye. Halafu wakabandika majina ukutani, na pembeni ya jina lako, upande wa vipande vyeupe, nikasoma jina la Lekishon.

Wewe unamjua kama mzee wa Magadi anayekuja kwetu na kumaliza mbavu. Mimi namjua kama rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukakaa manyatta moja ya vijana, na alipooa nilimpa kondoo, ndiyo maana mpaka leo haniiti Sironka. Ananiita Paker, kwa ajili ya yule kondoo, nami namwita hivyo hivyo. Alipokwenda kufanya kazi kwenye magadi nilimcheka, nikamwambia jua la kule litamkausha kama ngozi iliyowambwa. Lilimkausha kweli, lakini huko ndiko alikojifunza chesi, kwenye nyumba za kampuni, zile saa za mchana ambazo hata mbuzi hawathubutu kutoka kivulini.

Ulipomwona uani ulifanya kama tulivyokulea. Ulimwendea, ukainamisha kichwa, naye akaweka kiganja chake juu ya nywele zako.

"Takwenya," akakusalimu.

"Iko," ukaitikia.

Nilijisikia vizuri sana, Nashi. Kulikuwa na wazazi wengine pale, wale ambao watoto wao husalimia wazee bila kuinua macho kwenye simu, nami nilisimama katikati yao nimefura kama jogoo. Ningeishia hapo ningekuwa baba mwenye akili. Lakini nilikuita kando, kwenye tangi la maji, nikakuambia maneno ambayo ninayarudia hapa kama yalivyotoka, usije ukafikiri nimejisahaulisha.

"Yule ni baba yako. Usimwangushe mbele ya watu. Tokeni sare, kila mtu aende kwao na kitu."

Uliangalia viatu vyako. "Nimesikia, Papa," ukasema.

Mimi nikaenda kutafuta chai nikijua mambo yamekwisha. Unanijua, mimi ni mtu wa soko la mbuzi. Muuzaji anaanzia juu, mnunuzi anaanzia chini, tunazungushana mpaka tunakutana katikati, tunashikana mikono ndani ya shuka na hakuna aliyeaibika. Sikuona kwa nini chesi iwe tofauti. Na kusema kweli sikuwa nimewaza habari ya chuo kabisa. Nilimwaza Lekishon akirudi Magadi na kusikia watu wakisema ameshindwa na msichana wa Paker wake.

Mwalimu Wanjiru alikuwa amenishikia kiti ukumbini, nyuma kidogo ya meza yako. Yule mama alikufundisha mchezo huu ukiwa darasa la tano, na nilikuwa namheshimu bila kuelewa anachokufundisha. Lekishon akafungua kwa kumsogeza askari aliye mbele ya mfalme wake, hatua mbili, kifua mbele. Nikategemea nawe umsogeze wako, wakutane uso kwa uso na wakae hapo kwa amani. Wewe ukamtoa askari wa pembeni, yule wa mbele ya askofu.

"Sisilia," Mwalimu akaninong'oneza jina la ufunguzi ule.

Nikamwuliza kama hiyo ni nzuri.

"Ni nzuri kwa mtu ako na njaa, Baba Nashipae. Mwenye anataka sare hachezi hii."

Hapo, ndiyo, nilikasirika. Nisikudanganye. Nilihisi masikio yamepata moto, nikatazama shingo yako na kuona imenyooka, nikasema moyoni kwamba huyu mtoto amenisikia na akaamua kunidharau mbele ya rika langu. Ile hasira uliyokuwa ukiiogopa ilikuwepo, lakini haikuishi hata kumaliza kikombe cha chai.

Nilimnong'oneza Mwalimu kwamba sare ingetosha, kwamba wote wawili wangetoka na heshima. Alinigeukia kama mtu aliyesikia mgonjwa akisema hahitaji dawa. Akanieleza taratibu. Kijana wa Kiserian alikuwa ameshamaliza mchezo wake wa mwisho siku iliyotangulia, na ameshinda. Ukimshinda Lekishon, unampita kijana huyo. Ukitoka sare, nafasi ni yake na wewe unarudi nyumbani.

"Kwani mtoto hakukuambia?" akauliza.

Hukuniambia. Pale kwenye tangi ungeweza kunieleza, na mimi ningeona aibu na kunyamaza. Ulisema tu kwamba umesikia. Nimelifikiria sana jambo hilo, na sasa naona ulikuwa unanificha aibu hata kabla sijajua kwamba ninayo.

Kuanzia hapo sikunywa tena chai. Nilitazama ubao kama mtu anavyotazama mto uliojaa na ng'ombe wake wako katikati. Lekishon alikuwa amemficha mfalme wake upande mmoja, wewe umemficha wako upande mwingine, na askari wake wa pembeni walianza kukimbilia ulikojificha. Sikujua sheria zote, lakini kuvamiwa nakujua nikikuona. Mmoja alifika karibu kabisa na boma lako. Saa yako ilikuwa imebaki na dakika chache kuliko yake. Mwalimu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na kila uliposogeza alitikisa kichwa kidogo, sikujua kama ni kwa kukubali au kwa kukata tamaa.

Halafu ukachukua mnara wako. Ukaupeleka moja kwa moja mpaka mbele ya mfalme wake, ukamla farasi, ukauacha pale uliwe na askari.

Hata mimi najua kwamba mnara ni mkubwa kuliko farasi. Ulikuwa umenifundisha mwenyewe zamani, ukiwa mdogo, ukinionyesha kila kimoja kina thamani gani, nami nikakuambia kwamba mnara ni fahali na farasi ni ndama. Sasa nilikuona ukitoa fahali ukapokea ndama, mbele ya watu wote, na nilielewa jambo moja tu. Nilielewa kwamba umenitii. Kwamba umetafakari muda wote ule, na ukaona kama huwezi kumwangusha mzee basi ujiangushe mwenyewe, na kwamba chuo, na miaka yako ya kukesha, vinaondoka pamoja na ule mnara kwa sababu ya neno langu kwenye tangi la maji.

Nikasimama. Sikuamua kusimama, nilijikuta nimesimama. Nikasema kwa sauti, kwa Kimaasai, "Nashipae, tapala." Acha. Nilitaka kusema uache yale niliyokuambia. Lakini lilitoka neno moja, na ukumbi mzima ukageuka isipokuwa wewe.

Mwamuzi, yule kijana mwenye fulana ya manjano, alisimamisha saa. Akaja mpaka kwenye kiti changu.

"Mzee, umemwambia nini?"

"Nimemwambia aache."

"Aache nini?"

Nimepambana na simba wa usiku kule Kisaju, nimesimama mbele ya mahakama ya ardhi, lakini swali lile la maneno mawili lilinifunga mdomo. Nikisema uache kucheza vibaya, nimekufundisha mchezo ukiwa unaendelea, na unafukuzwa. Nikisema ukweli, kwamba nilikuagiza utoke sare, unafukuzwa pia na Lekishon anasikia mbele ya watu kwamba rika lake lilimhurumia. Kila mlango ulikuwa na wewe umelala mbele yake. Nikabaki nimesimama na kofia mkononi.

Mwamuzi akamgeukia Lekishon, akamwuliza neno hilo linamaanisha nini. Nilimwona akikutazama wewe, halafu akanitazama mimi. Alikuwa amekwisha kuelewa. Tumejuana tangu hatuna ndevu, angekosaje kuelewa. Kwa neno moja angeweza kuudai mchezo ule na kuuchukua akiwa amekaa.

"Hiyo ni neno ya baba kwa mtoto," akasema. "Haina chesi ndani."

Lekishon akaongezewa dakika mbili kufidia usumbufu wangu, na mimi nikaonyeshwa mlango. Nilipopita karibu na meza yako niliona mkono wako. Ulikuwa umeuweka juu ya meza, wazi, umetulia. Nikavaa kofia yangu nikatoka.

Nilisubiri kwenye lile lile tangi. Madirisha ya ukumbi yako juu, huoni kitu wala husikii. Upepo ulikuwa umeanza kuamsha vumbi, na kulikuwa na lori la ng'ombe limeegeshwa barabarani, wakilia bila kunyamaza. Nilijiambia kwamba Lekishon yuko mle ndani na mnara wa zaidi, dakika za zaidi, na msichana aliyevurugwa na babake. Nilikuwa na hakika umeshindwa. Nilichokuwa nafikiria ni jinsi ya kumwambia mama yako.

Kisha nikaanza kulifikiria shamba. Huwa unaniuliza kwa nini tukipita pale Kitengela, kwenye zile gorofa zenye nguo zinazoning'inia kila dirisha, mimi natazama upande wa pili wa barabara. Pale palikuwa kwa babu yako. Mnunuzi aliletwa na mzee mmoja wa rika la babu, mtu mzito, na siku ya kikao akaulizwa kila mwanamume wa boma kama anakubali. Nilikuwa kijana, mimba yako bado haijaingia, na nilijua ni makosa. Nilikuwa na maneno tayari, niliyafanyia mazoezi njiani. Ilipofika zamu yangu yule mzee akanitazama, nikaona kwamba nikikataa nitakuwa nimemwangusha, nikasema sawa. Kaka zangu walikuwa wanaingojea sauti yangu, nao wakasema sawa. Kufikia machweo hatukuwa na shamba.

Watu waliniita kijana mwenye heshima, na kwa muda niliifurahia sifa hiyo. Heshima ilikuwepo, lakini ilikuwa imechanganyika na woga, na mimi sijawahi kuweza kutenganisha kipi ni kipi. Kwenye tangi lile niliona kwamba nimekupa mchanganyiko ule ule, kwa mkono wangu, asubuhi ile ile. Sijapata kuogopa vile. Hata ulipougua nimonia sikuogopa vile, maana ugonjwa haukutoka kwangu.

Mlango ukafunguka. Aliyetoka kwanza ni Lekishon.

Unajua uso wake, haumwambii mtu kitu. Alinijia polepole, akasimama kando yangu, akafungua bomba la tangi na kunawa uso. Alijifuta kwa shuka.

"Ulimwambia aniachie?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi hakukusikia, Paker. Amenimaliza."

Sikumwamini. Nikamwambia nimeuona mnara ukitolewa. Akaanza kucheka, kicheko kile chake cha puani, akasema kwamba yeye pia aliuona na akafurahi kama mjinga. Askari wake alipoula ule mnara, boma la mfalme wake lilibaki halina miiba. Malkia wako aliingia pale pale, na askofu wako alikuwa amekaa mbali kwenye kona, kimya, akiutazama mlango ule tangu mwanzo. Alihesabu, akahesabu tena, akatumia na zile dakika mbili walizomwongezea kwa ajili yangu. Hakukuwa na pa kwenda.

Halafu akaacha kucheka.

"Mimi nimetoka Magadi na ile jua ndio nichezewe ukweli," akasema. "Kama angeniachia, ningejua. Na singekula kwako tena."

Aliyasema akitazama barabara, kunisitiri. Unajua kwetu maana ya mtu wa rika lako kukataa kula kwako. Nilikuwa nimekuomba umlindie heshima yake, na kumbe nilikuwa karibu kumpoteza kwa njia hiyo hiyo.

Mwalimu Wanjiru ndiye aliyenisimulia mwisho wenyewe, maana nilimwendea wiki iliyofuata na kumwomba anioneshe. Alisema Lekishon alisimamisha saa, akakunyoshea mkono juu ya ubao, kama afanyavyo anayekubali kushindwa. Kwamba wewe ulisita, kwa sababu mzee wa rika la babako hakupi mkono, anakupa kiganja kichwani. Kwamba aliuacha mkono wake pale hewani akikungoja, mpaka ukaushika. Sikuwepo kuona. Katika yote niliyoyakosa kwa ujinga wangu, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ulipotoka nje ulikuja kwetu na ukainamisha kichwa kwa Lekishon kama asubuhi. Halafu ukaja kwangu. Niliweka kiganja, na chini yake nilihisi joto la kichwa chako, nikawa na maneno mengi. Nikasema, "Twende, mbuzi hawajanywa maji."

Nisamehe kwa hilo. Nilikuwa nimetoka kukuhesabu kuwa umepotea, na hapo umesimama mbele yangu umeshinda, na nikaongea habari za mbuzi. Siku ile uliketi kimya mpaka nyumbani, na mimi nikauacha ukimya ule ukakua mpaka ukawa na umri wa kutembea.

Sasa nikuambie siri ambayo hata mama yako anaijua nusu tu. Nikikuambia naenda Kisaju kutazama boma, naenda kweli, lakini nina ubao. Mwalimu aliniuzia wa zamani wa shule, farasi mmoja hana masikio. Nimejifunza mchezo mmoja, ule wako, kuanzia askari wa pembeni mpaka mkono. Siwezi kucheza mwingine wowote, mtoto wa nasari angenishinda. Lakini ule naucheza wote bila kukosea, na kila nikifika kwenye mnara bado moyo unaniruka, ingawa najua utakavyokwisha. Nashika mnara, naupeleka, nauacha uliwe. Mchunga mbuzi wangu anadhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Huko unakokwenda kutakuwa na wazee wengine, wa vyeo na wa vyuo, na wengine watakuita kando kama nilivyokuita. Sina maneno ya kukufundisha hapo. Uliyajua kabla yangu. Ulimwinamishia mzee kichwa, ukamshinda, ukamwinamishia tena, na vyote vitatu vilikuwa vya kweli. Mimi katika umri huu bado nafanyia mazoezi cha kwanza na cha tatu bila woga, na cha katikati sijakifikia.

Nasikia geti. Ni wewe, unacheka na mama yako kuhusu hizo nywele.

Kesho pale kwenye basi, utanijia uinamishe kichwa, kwa sababu ndivyo tulivyokulea. Usifanye haraka. Nitakunyoshea mkono kwanza, na nitauacha hewani mpaka uushike. Unajua katika mchezo wenu ni nani hunyosha mkono kwanza, na kwa nini.

Papa